Swali la Faida Si Tusi

Kila robo mwaka, viongozi wa kampuni zilizoorodheshwa katika soko la hisa la Marekani hufanya mkutano wa simu na wachambuzi wa masoko ya mitaji. Sehemu ya kwanza ni hotuba: Mtendaji Mkuu na Ofisa Mkuu wa Fedha husoma maelezo yaliyokwisha kuandikwa na kupitiwa na wanasheria. Sehemu ya pili ni maswali. Wanafunzi wangu huwaambia waanze na hiyo ya pili. Hotuba hutuonyesha kampuni inavyotaka kuonekana, ilhali maswali hutuonyesha inavyojibu pale inapoulizwa jambo ambalo haikulipanga.

Maswali yenyewe, ukiyavua joho la kitaalamu, ni mawili. La kwanza: mnatarajia kukua kwa kiasi gani, na matarajio hayo mmeyajenga juu ya nini? La pili: katika kila shilingi mia mnayouza, zinabaki ngapi baada ya gharama, na kwa nini zimepungua au kuongezeka? Hili la pili ndilo swali la kiwango cha faida. Mchuuzi wa samaki pale Feri, Dar es Salaam, hahitaji shahada ili alielewe. Anajua kwamba anaweza kuuza ndoo kumi leo badala ya tano za jana, na bado akarudi nyumbani na fedha kidogo kuliko jana, kwa sababu bei ya mnada ilipanda au barafu ilimla. Kukua kwa mauzo ni habari nusu. Nusu ya pili ni kile kinachobaki mkononi.

Hoja yangu katika makala hii ni kwamba namna uongozi wa kampuni unavyoyapokea maswali hayo mawili ni kipimo cha uwajibikaji, na kwamba kipimo hicho kinawahusu hata wale ambao hawajawahi kununua hisa moja maishani mwao.

Tuanze na mfano ulio wazi zaidi. Mwezi Machi 2001, jarida la Fortune la Marekani lilichapisha makala ya mwandishi Bethany McLean kuhusu Enron, kampuni ya nishati ya Houston iliyokuwa ikisifiwa kila kona. Swali lake lilikuwa jepesi: Enron inapataje hasa fedha zake? Jeffrey Skilling, Mtendaji Mkuu, hakulijibu. Alimshutumu mwandishi kwamba hakufanya kazi yake ya nyumbani na kwamba anakiuka maadili. Tarehe 17 Aprili mwaka huohuo, katika mkutano wa simu wa robo ya kwanza, Richard Grubman, meneja wa mfuko mmoja wa uwekezaji, alihoji kwa nini Enron ilikuwa ikitangaza faida bila kutoa wakati huohuo mizania na taarifa ya mtiririko wa fedha. Skilling alimshukuru, kisha akamtukana tusi la nguoni huku wote waliokuwa kwenye simu wakisikia.

Kilichofuata kimeandikwa. Skilling alijiuzulu tarehe 14 Agosti. Mwezi Oktoba kampuni ilitangaza hasara ya dola milioni 618 kwa robo moja tu. Tarehe 2 Desemba 2001 iliomba ulinzi wa mahakama kama kampuni iliyofilisika. Hisa iliyokuwa ikiuzwa kwa takriban dola 90 mwezi Agosti 2000 haikufikia hata dola moja. Maelfu ya wafanyakazi walipoteza kazi, na kwa kuwa sehemu kubwa ya akiba yao ya uzeeni ilikuwa imewekwa katika hisa za kampuni hiyohiyo, walipoteza ajira na pensheni kwa mpigo. Mwaka 2006 Skilling alitiwa hatiani.

Wapo waliosema, na wengine bado wanasema, kwamba Grubman hakuwa na nia njema. Ni kweli kwamba alikuwa ameweka fedha zake upande wa kushuka kwa hisa za Enron, na angefaidika kama zingeanguka. Lakini nia ya muulizaji haibatilishi swali lake. Mizania ama ipo ama haipo. Hapa kwetu tunaijua vizuri mbinu hii, kwani mtu akiuliza juu ya mkataba au matumizi ya fedha za umma, jibu la kwanza analopewa ni swali lingine: ametumwa na nani? Hata kama ametumwa, hesabu zitabaki zilezile. Anayejadili mtumaji badala ya hesabu ameshatuambia kitu kuhusu hesabu zenyewe.

Nisieleweke vibaya. Si kila kiongozi mwenye hasira ni tapeli. Tarehe 2 Mei 2018, mchambuzi Toni Sacconaghi wa Bernstein alimbana Elon Musk na wenzake wa Tesla kuhusu kuahirishwa kwa lengo la kiwango cha faida cha gari la Model 3, kisha akauliza kampuni ingehitaji mtaji kiasi gani. Musk alimkatiza, akasema maswali ya kuchosha na ya kijinga hayapendezi, akataka linalofuata. Mchambuzi mwingine alipouliza kuhusu oda za gari hilo, Musk alilalamika kwamba maswali hayo ni makavu, akampa nafasi mtu mwenye chaneli ya YouTube aulize mengi mfululizo. Siku iliyofuata hisa za Tesla zilishuka kwa zaidi ya asilimia 5. Mwezi Agosti Musk aliwaomba radhi wachambuzi wote wawili.

Tesla haikufa. Iliinuka na kuwa miongoni mwa kampuni zenye thamani kubwa kuliko zote duniani. Lakini mwaka 2020 Musk mwenyewe aliandika kwamba katika kipindi kile cha kuanzisha uzalishaji wa Model 3, Tesla ilibakiza takriban mwezi mmoja ifilisike. Kwa maneno mengine, swali aliloliita la kijinga ndilo lililokuwa limegusa jeraha. Ushindi uliokuja baadaye haumfanyi muulizaji kuwa mjinga, maana aliuliza kwa niaba ya watu ambao fedha zao zilikuwa hatarini siku ile.

Hata hivyo, tusi na hasira ni njia za nadra. Njia za kawaida ni za adabu, na ndiyo maana zinapita bila kutambuliwa. Ya kwanza ni kuhamisha wakati: unauliza kwa nini kiwango cha faida kimeshuka robo hii, unajibiwa kuhusu dira ya miaka kumi. Ya pili ni kuchanganya, ambapo biashara inayopata faida na ile inayopata hasara huwekwa katika kapu moja, ukapewa wastani usioonyesha lolote. Ya tatu ni gharama za mara moja, ambazo hujitokeza kila mwaka na kila mwaka zikaitwa za mara moja. Ya nne ni kuchagua muulizaji. Utafiti wa William Mayew uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba wachambuzi wanaozipendekeza hisa za kampuni hupata nafasi ya kuuliza zaidi kuliko wanaozishuku. Wahenga walishatuonya: mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Mchambuzi anayetaka kuitwa tena mwakani hujifunza kusifu, naye mgema hujifunza kwamba maji hayana gharama.

Wasomi wamejaribu hata kuyapima maneno yenyewe. David Larcker na Anastasia Zakolyukina, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2012, walichambua maelfu ya kumbukumbu za mikutano ya namna hii, wakalinganisha lugha ya viongozi ambao hesabu zao zilikuja kurekebishwa baadaye na lugha ya wengine. Viongozi ambao hesabu zao hazikuwa za kweli walielekea zaidi kutumia kauli za aina ya “kama mnavyojua nyote”, na watendaji wakuu miongoni mwao walitumia zaidi maneno ya furaha iliyopitiliza. Hiyo si mashine ya kupimia uongo, na haimhukumu mtu yeyote mmoja mmoja. Lakini inatukumbusha kwamba jibu lililojaa “kila mtu anajua” mara nyingi limekwepa kusema yeye msemaji anajua nini.

Haki inanitaka niwatetee viongozi katika jambo moja. Kutotoa namba si lazima kuwe kukwepa. Nchini Marekani, kanuni iliyoanza kutumika Oktoba 2000 inakataza kampuni kumnong’oneza mchambuzi mmoja habari nyeti ambayo umma haujaipata, kwa hiyo “siwezi kulijibu hilo hapa” huenda likawa jibu la mtu anayeheshimu sheria. Zaidi ya hapo, namba iliyotangazwa huweza kugeuka kitanzi. Katika utafiti maarufu wa John Graham, Campbell Harvey na Shiva Rajgopal wa mwaka 2005, viongozi wa fedha 401 walihojiwa, na asilimia 78 walikiri kwamba wangekuwa tayari kutoa mhanga thamani ya kiuchumi ya kampuni ili faida ionekane imenyooka bila mabonde. Mtu anaahirisha matengenezo ya mashine, anakata fedha za utafiti, ili tu asikose senti moja aliyoiahidi. Ndiyo maana Coca-Cola iliacha kutoa makadirio ya faida ya robo mwaka mwishoni mwa 2002, na mwaka 2018 Warren Buffett na Jamie Dimon wakazihimiza kampuni nyingine ziachane nayo.

Kwa hiyo kosa haliko katika kukataa kutabiri, kwa kuwa hakuna binadamu anayeijua kesho. Kosa ni kukataa kuonyesha jinsi ya leo ilivyopatikana. Kiongozi mwaminifu anaweza kusema: “Sitawapa namba ya mwakani, lakini haya ndiyo mambo matatu yatakayoiamua: bei ya mafuta, thamani ya sarafu na kasi ya kulipwa madeni yetu. Yakigeuka, mtaona wenyewe wapi tutaumia.” Jibu hilo halina utabiri hata mmoja, na linamfaa msikilizaji kuliko asilimia iliyotamkwa kwa kujiamini.

Sasa tuje nyumbani. Soko la Hisa la Dar es Salaam lilianza biashara mwaka 1998, na lile la Nairobi lina umri mkubwa zaidi. Safaricom ya Kenya hutangaza kila mwaka makadirio ya faida yake ya uendeshaji, na tangu ilipoanza kutoa huduma Ethiopia mwaka 2022, wanahisa wake wana sababu ya kuuliza nchi hiyo inakula kiasi gani cha faida inayopatikana Kenya. Serikali ya Ethiopia ilipoiacha birr ijitafutie bei sokoni mwezi Julai 2024, sarafu hiyo iliporomoka na swali likazidi uzito. Kanuni za Kenya zinaitaka kampuni iliyoorodheshwa kuutahadharisha umma inapoona faida yake itashuka kwa asilimia 25 au zaidi kulinganisha na mwaka uliotangulia. Hiyo ni kanuni nzuri, ila ni king’ora: hulia moto ukishawaka. Swali ndilo linalonusa moshi.

Mtumishi wa umma anayesoma makala hii anaweza kusema kwamba hana hisa, hivyo mambo haya hayamhusu. Yanamhusu. Kila mwezi sehemu ya mshahara wake inakwenda PSSSF, kama ya mfanyakazi wa sekta binafsi inavyokwenda NSSF, na mifuko hiyo huwekeza sehemu ya fedha zake katika hisa za kampuni na benki zetu. Serikali nayo ni mwanahisa mkubwa wa benki ya NMB. Vodacom Tanzania ilipouza hisa kwa umma mwaka 2017, baada ya sheria kuzitaka kampuni za simu ziwauzie wananchi asilimia 25, maelfu ya watu wa kawaida walizinunua kwa shilingi 850 kila moja, na wengi wao hawajawahi kumwona mchambuzi wa hisa. Mwalimu wa Namtumbo hana simu ya kumpigia Mtendaji Mkuu. Anao wawakilishi: wadhamini wa mfuko, wajumbe wa bodi, maofisa wa Msajili wa Hazina. Wao wakinyamaza, ni yeye aliyenyamazishwa.

Na hapa ndipo ninapoona upungufu wetu. Katika mikutano mikuu ya wanahisa, maswali mengi huishia kwenye gawio: ni kiasi gani, na linatoka lini. Ni swali halali, lakini ni swali la mwisho, kwani gawio la leo linaweza kulipwa huku kiwango cha faida kikiliwa na mchwa. Nyaraka nyingi za uchambuzi ziko kwa Kiingereza, jambo linalomfanya mwenye fedha kuwa mgeni katika mazungumzo juu ya fedha zake. Bado si kila kitu kimefichwa. Benki zetu zinalazimika kuchapisha hesabu zao gazetini kila robo mwaka, na chini ya jedwali kuna viashiria: gharama zisizo za riba zinakula sehemu gani ya mapato, mikopo chechefu ni asilimia ngapi ya mikopo yote. Mwanafunzi mwenye kalamu na magazeti ya robo nne anaweza kuona mwelekeo ambao hotuba hautaji.

Ningependa wadhamini wa mifuko yetu watakiwe kueleza wanachama, kila mwaka na kwa Kiswahili, waliuliza nini katika kampuni walikowekeza na walijibiwa nini. Swali na jibu vikiwekwa bayana vingetufunza mengi kuliko picha za makabidhiano ya hundi ya mfano. Kampuni isiyo na la kuficha haitapungukiwa na chochote. Ile itakayokasirika itakuwa imetupatia taarifa ambayo haimo katika mizania yake, na itakuwa imetupatia mapema, wakati pensheni ya mwalimu bado inaweza kuokolewa.