Mkanda wa jeshi: Maumivu hutangulia, vipele hufuata

Ilianza kama kichomi. Mama mmoja mwenye miaka 50 na ushei, muuza chapati na maharage karibu na kituo cha daladala jijini Dar es Salaam, aliamka Jumatatu akiwa na maumivu chini ya titi la kulia. Yalichoma, yakakata, kisha yakatulia. Akadhani vidonda vya tumbo vimerudi, akameza vidonge vilivyobaki kabatini. Jumanne, hata kanga ikimgusa ubavuni alishtuka. Jumatano jioni akiwa anaoga, mkono ukapita juu ya vipele.

Alhamisi akaenda duka la dawa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nipe dawa ya vipele, vinaniwasha."

Kijana wa dukani hakuuliza vimetokea wapi wala vilianzaje, na mama hakusema kuhusu maumivu ya siku mbili zilizotangulia, kwa kuwa hakuona vinahusiana. Akaondoka na tyubu ya krimu ya mchanganyiko, ile inayouzwa kwa kila tatizo la ngozi, kuanzia fangasi hadi mba.

Swali ambalo halikuulizwa pale kaunta ndilo linalotenganisha mkanda wa jeshi na vipele vingine vingi: kilianza nini, maumivu au vipele?

Mkanda wa jeshi husababishwa na kirusi kilekile cha tetekuwanga. Mtu akipona tetekuwanga, kirusi hakiondoki mwilini. Hujificha kwenye mizizi ya mishipa ya fahamu karibu na uti wa mgongo na kukaa kimya, pengine kwa miaka 40 au 50. Kinga ya mwili ikishuka kwa sababu ya umri, maradhi, matibabu ya saratani au matumizi ya muda mrefu ya dawa za jamii ya steroidi, kirusi huamka na kusafiri ndani ya mshipa hadi kwenye ngozi. Aliyeshawishi wengi kuamini kwamba hivi ndivyo inavyokuwa hakuwa profesa wa hospitali kubwa. Alikuwa Edgar Hope-Simpson, daktari wa kawaida wa familia katika mji mdogo wa Cirencester, Uingereza, aliyeandika kumbukumbu za wagonjwa wake kwa miaka 16 na kutoa hoja yake mwaka 1965.

Kwa kuwa safari hiyo hupitia kwenye mshipa, mshipa ndio huumia kwanza. Siku moja hadi tano kabla ya kipele cha kwanza, mgonjwa huhisi kuungua, kuchomwachomwa kama sindano, ganzi au kuwashwa katika sehemu moja ya mwili. Wakati huo hakuna cha kuonyesha daktari. Maumivu yakiwa kifuani watu huhofia moyo, yakiwa kiunoni husema ni figo, na yakiwa shavuni wengine hufikiria jino.

Kisha ngozi hubadilika na malengelenge madogo yenye maji hutokea kwa mafungu, yakifuata njia ya mshipa huo. Vitabu vingi huandika kwamba ngozi huwa nyekundu, lakini kwenye ngozi nyeusi wekundu huo hauonekani vizuri. Sehemu hiyo inaweza kuwa nyeusi zaidi ya kawaida au ya zambarau, kwa hiyo asiyeona wekundu asijipe moyo kwamba si wenyewe.

Alama kubwa nyingine ni upande. Chukulia kuna mstari unaoshuka kutoka kidevuni hadi kitovuni, na mwingine unaofuata uti wa mgongo. Mkanda wa jeshi kwa kawaida hukaa upande mmoja na kukoma kwenye mistari hiyo. Ile imani kwamba mkanda ukizunguka mwili na ncha zake zikakutana mgonjwa hufa, imewanyima usingizi wengi bure. Kwa karibu wagonjwa wote ncha hizo hazikutani, na zikivuka mstari si hukumu ya kifo. Vipele vikisambaa pande zote mbili au mwili mzima, huenda kinga ya mgonjwa imeshuka sana, na hapo hospitali ni siku hiyohiyo.

Upele ule wa kuambukizana una tabia tofauti. Huwasha zaidi usiku, hupenda katikati ya vidole, viganjani, kiunoni na makalioni, tena pande zote mbili. Mara nyingi si mtu mmoja anayejikuna. Ulizia wanaolala kitanda kimoja naye. Fangasi wa ngozi hujichora kama duara lenye kingo zilizoinuka na magamba, na hukua polepole kwa wiki kadhaa. Mabaka ya mzio huvimba na kupotea, yakaibuka kwingine, mara nyingi ndani ya saa 24. Harara za joto zinajulikana kwa kila mama aliyelea mtoto Dar es Salaam mwezi wa Januari. Tetekuwanga yenyewe hutapakaa mwilini, usoni hadi kichwani, bila kuchagua upande.

Anayewachanganya watu zaidi ni yule mdudu mwembamba mwenye pingili nyeusi na za rangi ya chungwa, ambaye Wakenya wamempa jina la mji wao mkuu. Hafuatwi na maumivu ya siku mbili tatu kabla. Huvutwa na taa nyakati za mvua, na akipondwa juu ya ngozi hutoa sumu inayounguza. Mtu hulala mzima na kuamka, au kufikia kesho yake, na mstari wa malengelenge shingoni au mkononi, mahali pasipofunikwa na nguo. Utasikia wakisema amekojolewa na buibui. Kwenye mikunjo, kama ya kiwiko, huacha madoa mawili yanayotazamana, kwa sababu ngozi iligusana. Mkanda wa jeshi haufanyi hivyo.

Kuwashwa peke yake hakutoshi kuamua, kwani hata mkanda wa jeshi huwasha, hasa mwanzoni na wakati wa kukauka. Ila ukimgusa mgonjwa pale penye vipele, mwenye upele atakwambia endelea kukuna. Mwenye mkanda wa jeshi atausukuma mkono wako.

Ijumaa, wifi yake alikwenda kumsaidia kukanda unga, akamwona akiinama kwa shida. Alipofunuliwa ubavu, akashusha sauti ingawa walikuwa wawili tu jikoni.

"Wifi, huu si mkanda wa jeshi?"

Mama hakwenda hospitali siku hiyo. Alikuwa akikumbuka miaka ya tisini, jirani aliyepata mkanda kisha akaonekana amekonda, na maneno yaliyomfuata hadi kaburini. Alikaa ndani, akawaambia wateja ana malaria.

Hofu hiyo haikutoka hewani. Shirika la Afya Duniani limeuweka mkanda wa jeshi katika hatua ya pili kati ya nne za dalili za maambukizi ya VVU, na kwa mtu mzima kijana ni sababu tosha ya kupima. Lakini Marekani inakadiriwa mtu mmoja kati ya watatu atapata ugonjwa huu maishani mwake, wengi wao wakiwa wazee wasio na VVU. Kipimo ni bure katika vituo vya umma, na kwa vyovyote jibu litakavyokuwa, matibabu ya mkanda ni yaleyale na saa zake ni zilezile.

Saa zenyewe ni 72, kuhesabia kipele cha kwanza kilipoonekana. Ndani ya muda huo dawa ya kupambana na kirusi, inayojulikana zaidi ikiwa asiklovia ya vidonge, hufanya kazi vizuri. Mtu mzima kwa kawaida huimeza mara tano kwa siku kwa siku saba, kwa kipimo atakachoandikiwa na tabibu. Krimu ya asiklovia haichukui nafasi ya vidonge, kwa sababu vita iko ndani kwenye mshipa. Dawa ya meno, majivu na mafuta ya taa huongeza kidonda na kukaribisha usaha. Aliyechelewa asikate tamaa: kama malengelenge mapya bado yanatoka, kama kinga yake ni dhaifu au kama yapo usoni, bado hutibiwa. Wala hahitaji kumsubiri bingwa wa ngozi, kwa kuwa tabibu wa zahanati mara nyingi huutambua kwa kutazama na kuuliza.

Usoni ndiko kusikosubiri. Malengelenge yakitokea kwenye paji la uso, kope au ncha ya pua, jicho la upande huo liko hatarini na linaweza kupoteza uwezo wa kuona. Yakitokea sikioni, na mdomo ukaanza kupinda au kusikia kukapungua, ni dharura vilevile.

Nyumbani, mgonjwa hawezi kumwambukiza mtu mkanda wa jeshi. Anachoweza kutoa ni tetekuwanga, kwa asiyewahi kuugua wala kuchanjwa, kupitia maji ya malengelenge. Kwa hiyo afunike sehemu hiyo kwa kitambaa safi, asichangie taulo, na akae mbali na wajawazito na watoto wachanga hadi vipele vikauke, ambako huchukua kati ya siku saba na kumi. Kupika na kula pamoja si tatizo. Chanjo kwa watu wazima ipo, na Marekani wanatumia ya dozi mbili iliyoidhinishwa mwaka 2017 kwa wenye miaka 50 na zaidi, ila hapa nchini haimo katika ratiba ya kawaida ya chanjo.

Mama alifika kituo cha afya Alhamisi iliyofuata, siku ya nane, akisindikizwa na wifi yake. Malengelenge yalikuwa yameanza kushika magamba. Alipimwa, majibu ni yake. Ngozi ilipona ndani ya wiki tatu na kuacha mistari myeusi, lakini miezi minne sasa maumivu hayajaondoka. Hutokea kwa baadhi ya wagonjwa, hasa wenye umri mkubwa, mshipa unapobaki na majeraha, na panadoli kwa kawaida haitoshi. Daktari amempa kidonge cha kumeza usiku, cha kutuliza mishipa ya fahamu, akamwambia kinachukua wiki kadhaa kabla ya kuonyesha nafuu. Chapati zinasukumwa na binti yake. Yeye hukaa pembeni akipokea hela, kanga ameifunga chini kiunoni ili isimguse ubavu.