Mizani Jikoni, Amani Mezani

Siku hizi ukiingia jikoni kwa vijana wengi wa maofisini, pembeni ya blenda utakuta kamizani kadogo ka kupimia chakula. Binti anataka gauni la harusi limkae vizuri, kaka anapigana na kitambi. Basi kila kipande cha nyama lazima kipande mizani kwanza. Mimi sina ugomvi na mizani. Ugomvi wangu uko kwenye hesabu inayofuata, maana nimeiona ikigombanisha watu wanaopendana kweli kweli.

Nawafahamu wapenzi wawili ambao nusura waachane kwa ajili ya kuku. Dada alikuwa anapima gramu 200 za kidari kila jioni, anaandika kwenye daftari, lakini mwezi unaisha na mwili uko palepale. Mwenzake akaanza maneno: "Wewe lazima unakula kwa siri ofisini." Wakanuniana wiki nzima. Jamani, dada wa watu wala hakuwa anadokoa! Alikuwa anapima kuku aliyeiva, kisha anasoma kalori za kuku mbichi.

Tofauti yake si ndogo. Gramu 100 za kidari kibichi kisicho na ngozi zina kalori kama 120. Gramu 100 za kidari kilichoiva zina kama 165. Moto hauongezi kalori, ila nyama ikipikwa inatoa maji, na kwa kawaida hupoteza kama robo ya uzito wake. Ukiikausha sana hupoteza zaidi. Kwa hiyo dada aliandika kalori 240 wakati alikula 330. Hizo 90 za kila siku, kwa siku 30, ni 2,700. Hapo utamlaumu nani?

Kanuni ni moja tu: ukipima nyama mbichi, soma kalori za nyama mbichi; ukipima iliyoiva, soma za iliyoiva. Kupima mbichi ndiyo njia ya uhakika zaidi, kwa sababu maji yanayotoka hutegemea moto na muda uliopika.

Najua utaniuliza, "Sasa mhariri, sisi tunapika sufuria moja, nani atafuatilia kipande cha nani?" Wala usihangaike. Pima mnofu wote ukiwa mbichi, piga hesabu ya kalori zote. Ukiiva, utoe kwenye mchuzi uupime tena. Kama umetoka gramu 600 na wewe umechukua 200, umekula theluthi ya kalori za nyama ile. Mwenzako ale zake kwa raha zake. Ila usisahau mafuta: kijiko kimoja cha chakula kina kalori kama 120, na hayo huwa hatuyaandiki kabisa!

Nyama ya mifupa nayo ina mambo yake. Pima nyama yako ikiwa imeiva, ukishamaliza kula pima mifupa, toa, halafu tumia kalori za nyama iliyoiva. Na ile nusu kilo ya choma mnayoagiza Ijumaa jioni hupimwa ikiwa mbichi, na mifupa yake ndani. Ikifika mezani, mnofu uliobaki haufiki gramu 500 hata kidogo. Usijiandikie yote ukalala na njaa bure.

Kwa wanaoishi pamoja, nawasihi kitu kimoja. Mizani inapima nyama, haipimi uaminifu. Kabla hujamwambia mwenzako kwamba anakudanganya au hana nidhamu, kaeni wote wawili mlitazame daftari. Mara nyingi kosa liko kwenye mstari mmoja tu. Na kama mmoja wenu ni mjamzito, ananyonyesha au anatumia dawa za kisukari, asianze kupunguza chakula kabla ya kumwona daktari. Vilevile, mkiona kuhesabu kumewaondolea hamu ya kula pamoja, ifungieni mizani kabatini kwa muda. Gauni linaweza kupelekwa kwa fundi likaongezwa, lakini maneno ukishamtupia mwenzako hayarudi.

Tukutane mwezi ujao, panapo majaliwa.