Yule Ndege Tuliyemcheka Siaya

Wasee, mnakumbuka Januari 2022? Ndege mmoja alipatikana Siaya, kule upande wa ziwa, akiwa hoi, na mguuni ana pete ya chuma yenye maandishi ya Ufini. KWS wakasema amesafiri kilomita 6,948. Baadaye akafa. Na sisi Wakenya tukafanya kile tunachokijua kuliko nchi yoyote duniani. Tukacheka. Mtu anaachaje Ufini, na maji safi na umeme usiopotea, akuje kufia Siaya? Wiki nzima utani ulikuwa ni huo.

Nilicheka pia. Nilikuwa bado chuo, nimelala kwa kitanda cha hosteli, nikatengeneza meme yangu. Ilipata laiki 12, na mbili zilikuwa za binamu zangu.

Leo nataka kubishana na ule utani. Chini yake kulikuwa na kitu ambacho bado tunaamini: kwamba huyo ndege alikuwa wa Ufini, alipotea njia, na habari zake hazituhusu.

Hakuwa amepotea. Alikuwa osprei, ndege mwindaji anayeishi kwa kula samaki. Bahari na maziwa ya kwao yakiganda, samaki wako chini ya barafu. Afanye nini, aagize chipo? Anakuja huku. Osprei mchanga akishafika Afrika mara ya kwanza, harudi kaskazini mwaka unaofuata. Anakaa huku mwaka mzima au hata miwili, mpaka akomae. Yaani ujana wake wote ni wa hapa. Angekuwa mtu, ungesema amelelewa kwetu na ana haki ya kulalamika kuhusu bei ya unga.

Sasa nikubali makosa yangu, kabla mtu hajayachimbua kwa komenti.

Aprili mwaka jana nilienda Ruai, kwa yale mabwawa ya maji taka ya Nairobi. Ndiyo, maji taka. Sehemu kubwa ya kile jiji hili linachovuta chooni inaishia huko, na mabwawa hayo hayo yamo kwenye orodha ya maeneo muhimu ya ndege Kenya. Nilipiga klipu ya korongo mmoja mrefu mwenye domo la njano, nikaandika kwa herufi kubwa NDEGE ADIMU AONEKANA NAIROBI. Ilienda. Nilikuwa sijawahi kupata namba kama zile, manze. Nikaanza kujiona mwanasayansi.

Halafu mzee mmoja akakomenti, kwa upole kabisa: "Kijana wangu, huyo korongo yuko hapa kila siku. Lakini angalia nyuma yake, kwa tope, upande wa kushoto."

Nikarudia klipu. Nyuma ya korongo kulikuwa na kindege cha kahawia-nyekundu, kadogo, domo limepinda kidogo kwenda chini, kinachoma-choma tope kama fundi wa cherehani. Nilikuwa nimekikata nusu. Mzee akanieleza: huyo ni kitwitwi anayetaga mayai Siberia, kaskazini kabisa ya Urusi, zaidi ya kilomita 8,000 kutoka Ruai. Ule wekundu ni nguo za harusi. Miezi yote amekuwa wa kijivu, na Aprili ndio anavaa, kwa sababu anaondoka. Uzito wake ni gramu 60 hivi. Simu niliyompigia picha ni nzito mara tatu.

Nikamwandikia, "Asante mzee, nimeaibika." Akanijibu, "Usiaibike. Rudi kesho kabla hajaenda."

Nilirudi. Alikuwa ameenda.

Hapo ndipo niliingia kwa hii kitu, na hapo ndipo zilianza komenti zinazonifanya niandike leo. "Bro, ndege ni za wazungu." "Hiyo ni kazi ya wastaafu wenye kofia." "Uliacha chuo ukuje kuhesabu kuku wa porini?"

Tuanze na ya wazungu.

Nani amekwambia ndege ana pasi ya kusafiria ya nchi moja? Machi 2020, kekeo mmoja aliyefungwa kifaa kidogo cha kufuatilia mgongoni aliondoka Zambia. Jina lake Onon, na watoto wa shule Mongolia ndio waliompa. Akapita anga ya Afrika Mashariki, akavuka Bahari ya Hindi mpaka India, na tarehe 27 Mei akawa amefika kwao Mongolia. Zaidi ya kilomita 12,000. Kumbuka huo ndio msimu ambao serikali ilifunga Nairobi, huwezi hata kutoka. Sisi tumejifungia tukikoroga kahawa ya mitandaoni, na juu ya bara letu kuna mtu anavuka mipaka bila karantini.

Ndege kama huyo akae miezi michache huko kaskazini, halafu sehemu kubwa ya mwaka awe njiani na Afrika, ni wa nani? Shosho wangu kule Kinangop hajawahi kushika darubini. Lakini anajua mvua ya masika iko karibu akiona mbayuwayu wamejipanga kwa nyaya za stima, wengi kuliko kawaida. Wazungu wanaita huo msimu wao majira ya kuchipua. Kwetu ni masika. Mbayuwayu ni yule yule. Tofauti ni kwamba wao waliandika kwa daftari, na sisi tuliacha kumsikiliza shosho.

Kwa hivyo usiniambie hii ni elimu yao. Sema ukweli: ni elimu yetu ambayo tuliiacha, halafu tukaanza kuiita ya wengine ili tusijione wajinga.

Sasa hili neno "adimu", ambalo mimi mwenyewe nililiuza kwa klipu. Tunalitumia kama vile ndege amezaliwa adimu, kama vile mtu anavyozaliwa mrefu. Wachache wako hivyo. Wengi wamefanywa adimu.

Yule kitwitwi mwekundu wa Ruai, mwaka wa 2024 aliingizwa kwenye kundi la ndege walio hatarini duniani, pamoja na jamaa zake kadhaa wa ufukweni. Bado ukienda mahali panapofaa utamwona, hata wengi. Lakini anapungua.

Wale wawindaji ndio inauma zaidi. Mwaka huo huo wa 2022 tuliokuwa tunacheka osprei, ulichapishwa utafiti uliolinganisha hesabu za barabarani hapa Kenya za miaka ya 1970 na za kuanzia 2003. Kati ya aina 22 za tai, kozi na wenzao zilizoangaliwa, 19 zilikuwa zinaonekana mara chache kuliko zamani. Baba yangu anasema zamani ukipanda basi kwenda Mombasa ulikuwa unahesabu tai kwa nguzo mpaka unasinzia. Nilidhani ni zile hadithi za wazazi, kama ya kutembea kilomita 10 kwenda shule. Kumbe hii moja ilikuwa kweli.

Na kuna ndege mdogo wa matete anayeitwa wa Basra. Anazaliana hasa kwenye mabwawa ya Iraki, yale ambayo serikali ya Saddam iliyakausha miaka ya 1990. Baada ya 2003 maji yakaanza kurudishwa. Anapokuja kukaa Afrika, mojawapo ya makazi yake ni upande wa Tana chini. Huwa ananaswa kwa nyavu kule Ngulia, Tsavo Magharibi, ambako tangu 1969 watu wanavisha ndege pete usiku wa ukungu, kisha wanawaachilia. Fikiria hiyo stori. Hata Iraki ikirudisha kila tone la maji, sisi tukilima matete yote ya Tana, huyo ndege amekwisha. Yeye anahitaji nchi zote mbili, na zile za katikati. Sisi hapo si watazamaji.

Najua jibu linalofuata, kwa sababu nalipata kila siku: "Sisi tuna shida kubwa kuliko ndege. Kodi. Kazi. Rent."

Buda, mimi niliacha chuo mwaka wa pili kwa sababu ya ada. Usinieleze kuhusu shida. Lakini hebu tuulizane: Aprili na Mei 2024, wakati mafuriko yaliua zaidi ya watu 200 nchini, na Mathare watu wakapanda kwa mabati usiku, maji yalikuwa yanatafuta nini? Yalikuwa yanatafuta pa kukaa. Bwawa na matete na ukingo wa mto, ile sehemu mnaita "shamba imelala tu", hapo ndipo maji hukaa. Sisemi kinamasi kimoja kingezuia msiba wote ule. Nasema kila tunapomwaga kifusi juu ya kinamasi, tunafukuza wapangaji wawili: ndege, na maji. Ndege ataenda. Maji hayana pa kwenda, kwa hivyo yatakuja kwako. Na mara nyingi hayaendi kwa aliyemwaga kifusi. Yanaenda kwa jirani ya mto, mwenye nyumba ya mabati.

Hapa ndipo kuhesabu ndege kunaacha kuwa burudani. Mtu akitaka kujenga mradi mkubwa, sheria inataka ripoti ya athari kwa mazingira, na umma unaalikwa kutoa maoni. Sasa wewe unaenda pale na nini? Na hasira? Hasira wameizoea. Lakini ukienda na rekodi za miaka mitano, tarehe kwa tarehe, kwamba masika haya na yale ndege fulani kutoka Siberia walilisha hapa, umeweka kitu mezani ambacho lazima kijibiwe. Mahali pasipo na rekodi panaandikwa "hakuna kitu". Na "hakuna kitu" ndiyo sentensi rahisi zaidi kujenga juu yake.

Na usiniambie watu wa kawaida hawawezi kubadilisha kitu. Kozi wa Amur hupita kwetu akisafiri kati ya Asia na kusini mwa Afrika. Akiwa njiani hupumzika Nagaland, India. Mwaka wa 2012 picha zilisambaa za maelfu kwa maelfu wamenaswa huko kwa nyavu za samaki, wanauzwa kama nyama. Watu waliumia dunia nzima. Lakini walioamua ni wanavijiji wenyewe: mabaraza yao yakapiga marufuku, na msimu wa 2013 mauaji yale yakakoma. Mwaka mmoja tu. Kozi unaemwona Tsavo leo huenda yuko hai kwa sababu kijana fulani wa Nagaland aliacha wavu nyumbani.

Sasa niwageukie wenzangu wa kutengeneza maudhui, kwa sababu hili jipu ni letu.

Tuache kuandika "adimu" juu ya kila kitu chenye mabawa. Mimi nilianza, mimi nakoma. Tuache kumchezea ndege sauti yake kwa spika mara hamsini ili atokee kwa kamera. Yeye anadhani kuna adui kwa eneo lake. Amebakisha wiki moja ya kula ajaze mafuta ya kuvuka jangwa na bahari, wewe unamchomesha hayo mafuta kwa ajili ya sekunde 15. Na tuache kubandika ramani ya kiota. Si kila anayetazama anatazama kwa upendo.

Badala yake, hiyo simu ifanye kazi. Piga picha hata mbaya, andika mahali, tarehe na idadi, weka kwa Kenya Bird Map au eBird. Ukikosea jina, kuna mzee mahali atakurekebisha kwa upole. Na kama unaogopa kwenda peke yako, kuna matembezi ya Jumatano asubuhi ambayo Fleur Ng'weno alianza kuongoza hapa Nairobi mwaka wa 1971. Mtu amekuwa akifanya hivi tangu kabla wazazi wetu wajuane, na sisi tunasema hakuna mahali pa kuanzia.

Hutahitaji digrii. Mimi sina. Hakuna kitwitwi aliyewahi kuniuliza cheti.

Yule wa Ufini alikuja na pete mguuni kwa sababu mtu alijali kumwandika namba. Pete hiyo ndiyo iliyotufanya tujue alitoka wapi. Bila ile pete angekuwa mzoga wa ndege kando ya ziwa, hakuna utani, hakuna habari. Nataka siku moja mtu wa Ufini aokote ndege kwao na aseme: huyu amerekodiwa Ruai, na kijana wa Kayole ndiye aliyemwandika.

Masika ndiyo haya yameanza. Wale wekundu wako kwa tope sasa hivi, na hawatangoji umalize kutazama klipu zangu. Mimi Jumamosi saa 12 na nusu asubuhi nitakuwa Ruai, nimeshaomba ruhusa ya kuingia. Safari hii nitaangalia nyuma ya korongo kwanza.