Vijana wa Meru na Embu, Someni Ramani

Mtu akiteremka kutoka ukingoni mwa msitu wa Mlima Kenya kwa upande wa Embu, hupita hali za hewa kadhaa kabla jua halijatua. Juu kuna ukungu na majani chai. Chini ya chai kuna kahawa, migomba na makadamia. Akishapita Runyenjes akielekea Ishiara, joto humpokea, mvua hupungua, na nchi ya Mbeere humwonyesha muguka na mbuzi, mpaka aufikie mto Tana na mabwawa yake ya umeme. Wanafunzi wetu wa jiografia huuchora mteremko huu vizuri. Ninalosikitikia ni kuwa mchoro wao huishia mtoni, ilhali mteremko wenyewe hauishii hapo. Unaendelea hadi Mombasa, Mogadishu, London na Brussels, na mara nyingi huko ndiko kunakoamuliwa kama mtoto wa mkulima atalipiwa karo au atarudishwa nyumbani.

Vijana wangu, mkisikia neno utandawazi msidhani ni habari ya simu na filamu tu. Katika miaka ya 1930 serikali ya kikoloni ilipoanza kuwaruhusu Waafrika kupanda kahawa, ilianzia Kisii, Embu na Meru. Udongo wetu mwekundu ulifaa, ndiyo, lakini hata wa Kiambu ulifaa. Jambo lililotupa nafasi ni umbali. Walowezi hawakutaka mkahawa wa Mwafrika uote karibu na wao. Basi mikahawa ya babu zetu iliota pale ilipoota kwa ajili ya ramani iliyotandazwa juu ya meza ya mtu mwingine, na babu zetu hawakuitwa kuitazama.

Julai 1975 jalidi iliunguza mashamba ya kahawa ya Paraná, kule Brazili. Mwaka 1976 na 1977 bei ikapaa, na wazee wa miteremko hii wangali wanaitaja miaka ile kwa furaha. Kisha Julai 1989 mfumo wa migao chini ya Mkataba wa Kimataifa wa Kahawa ukavunjika, na bei ikaporomoka. Wengi waliitelekeza mikahawa yao. Wengine waliing'oa ingawa sheria ilikataza. Mkulima alipalilia kwa jembe lile lile, chini ya mvua ile ile, akapata neema mara moja na hasara mara ya pili. Wizi katika vyama vya ushirika ulikuwapo, wala siutetei, lakini wizi wa hapa kwetu hauwezi kueleza anguko lililowapata kwa pamoja wakulima wa Kenya, Ethiopia na Kolombia. Asiyeujua mkataba ule atamkamata jirani yake shati kwa kosa lililofanyika mbali.

Sasa nije kwenye miraa, ile ya kutafunwa, maana hapo ndipo somo lilipotuchapa vibaya zaidi. Mmea huu una saa yake. Ukishachumwa Igembe au Tigania, ukafungwa kwa majani ya mgomba, nguvu yake hupungua sana baada ya siku mbili. Ndiyo maana magari ya Maua hukimbia vile, na ndiyo maana ndege husubiri Nairobi. Serikali ya Somalia ilipoanguka mwaka 1991, vita viliwatawanya Wasomali hadi Ulaya, na wateja wa milima ya Nyambene wakatawanyika pamoja nao. Kwa miaka mingi vibunda vilishuka London vikiwa bado vibichi. Uholanzi ikaufunga mlango wake. Nchini Uingereza, mapema mwaka 2013, baraza la kuishauri serikali kuhusu dawa za kulevya lilipendekeza miraa isipigwe marufuku. Serikali ikaamua kinyume, na tarehe 24 Juni 2014 marufuku ikaanza. Tulibaki na Somalia. Machi 2020 nayo ikafunga anga kwa sababu ya korona, na ugomvi wa kibalozi baina ya Nairobi na Mogadishu ukazidi kuifungia nje miraa yetu hadi Julai 2022. Katika kipindi hicho miraa ya Ethiopia iliendelea kuingia kwa njia zake. Nawauliza: ni wangapi kati yetu waliokuwa wakizifuata habari za Mogadishu kama wanavyozifuata za mpira wa Uingereza? Mwenye miti shambani alipaswa kuwa wa kwanza kujua.

Wala ramani haisomwi kwa faida yetu peke yake. Mei 2024 kaunti za Mombasa na Kilifi zilitangaza marufuku dhidi ya muguka, jamaa ya miraa, na kule Embu tukapiga kelele, mambo yakafika kwa Rais na mahakamani. Nilielewa uchungu wa Mbeere, nchi kavu ambayo haina chai wala kahawa ya kukimbilia. Lakini mkulima wa Kiritiri anayefuatilia bei ya gunia hadi pwani, na aufuate muguka huo mpaka kwenye shavu la kijana wa Likoni aliyeacha shule. Mama wa kijana yule hakuzusha kilio chake. Kujifunza jiografia ni pamoja na kusimama mahali pa mwenzako na kuutazama mlima wako kutoka kwake.

Hivyo hivyo, kule Timau waridi linalopelekwa Ulaya limebeba maji ndani yake. Mito ya upande huo hushuka kuingia Ewaso Ng'iro, na mfugaji wa Isiolo na Samburu huyangojea maji hayo wakati wa kiangazi. Mwalimu akiwafikisha wanafunzi mtoni, awaulize nani anakunywa chini.

Nawasihi wazazi: mwana akichagua jiografia, msimwambie ni somo la wasioweza hesabu. Nawasihi walimu: ziara ya uwandani isiwe ya kupima mwinuko na kurudi. Wanafunzi waketi na karani wa kiwanda cha kahawa, wamuulize mzigo uliuzwa lini na ukaenda nchi gani. Wamuulize mwenye makadamia kwa nini bei iliporomoka mwaka 2023, na kwa nini serikali ikalegeza kwa muda marufuku ya kuuza njugu zisizobanguliwa nje ya nchi, jambo lililohusu sana wanunuzi wa China.

Na kwa nini nasema haya sasa? Mwaka 2023 Umoja wa Ulaya, unaonunua sehemu kubwa ya kahawa yetu, ulipitisha sheria kwamba kahawa itakayoingia kwake ionyeshe shamba ilikotoka, kwa latitudo na longitudo, na kwamba msitu haukukatwa hapo baada ya tarehe 31 Desemba 2020. Utekelezaji umeahirishwa zaidi ya mara moja, lakini takwa lenyewe lipo. Shamba lisilozidi hekta 4 linatosheka na nukta moja. Mashamba mengi ya wazee wetu ni madogo kuliko hapo, kwa hiyo kazi hii kijana mwenye simu anaiweza asubuhi moja, akisimama katikati ya mikahawa ya nyanya yake.

Ila awe anajua anachokiandika. Ikweta inakatiza papa hapa kwetu, karibu na mji wa Meru, na Embu yote iko kusini mwa mstari huo. Kijana akisahau alama ya kutoa mbele ya latitudo, shamba la Runyenjes litahamia upande wa pili, kaskazini ya mji wa Isiolo, kwenye malisho ya ngamia. Mnunuzi wa Hamburg atatazama kwenye ramani yake, asione hata mkahawa mmoja.