Mwalimu alilipa deni, kitabu kikakataa



Leo nakuungamia jambo kabla ya kukushauri, kwa maana ushauri wenyewe niliupata kwa kumkosea mtu.

Miaka kadhaa iliyopita, katika parokia niliyokuwa nikihudumu, tulikuwa tukitafuta mwekahazina wa baraza la parokia. Tulikuwa katikati ya ujenzi, na michango ya waumini ilikuwa ikiingia kila Jumapili. Tukakubaliana kwamba kila anayependekezwa alete vyeti vile vile ambavyo wanaotafuta kazi serikalini walikuwa wakidaiwa: cha polisi cha tabia njema, cha kodi, na kile cha CRB kinachoonyesha kama mtu ana mkopo aliokosa kulipa. Nilijiona mtu mwenye busara sana siku hiyo.

Jina la kwanza kwenye orodha lilikuwa la mwalimu mstaafu. Nusu ya wanakamati walikuwa wamepitia darasani mwake. Vyeti vyake vyote vilikuwa safi isipokuwa kimoja. Ripoti ya CRB ilisema ana deni la benki la shilingi 11,400, halijalipwa kwa miaka mingi. Mwalimu aliitazama ile karatasi, akavua miwani, akaniambia, "Fada, huu mkopo nilimaliza. Ulikuwa ukikatwa kwenye mshahara."

Nikamjibu, "Mwalimu, makaratasi hayasemi hivyo."

Hayo ndiyo maneno ninayoungama. Sikumuuliza kama ana ushahidi wala sikumwomba aulete. Nilikuwa na mazishi saa sita na nilitaka kikao kiishe. Tukamteua mwingine.

Siri ya kamati ya parokia haimalizi Jumapili mbili. Mwalimu alihama kutoka benchi la mbele hadi la nyuma, kisha nikasikia anasali parokia jirani. Wakati huo huo sacco ilimkatalia mkopo wa karo ya kijana wake wa mwisho, kwa sababu ya mstari ule ule kwenye ripoti ile ile. Kijana akakaa nyumbani akichunga ng'ombe huku barua ya kuitwa chuoni ikiwa kabatini.

Mwaka ulikuwa karibu kwisha mkewe alipokuja ofisini kwangu na bahasha ya kaki. Ndani mlikuwa na hati za mshahara za miaka mitatu, zimepangwa mwezi kwa mwezi, kila moja ikionyesha makato ya mkopo hadi la mwisho. Nikamuuliza kwa nini mzee hakuzileta mapema. Alinijibu bila ukali: "Alisema kama Fada hakumwamini, karani wa benki atamwamini vipi?"

Tulipofuatilia, jambo lilikuwa la kawaida kabisa. Mwalimu alikuwa amehamishwa shule mwaka ule wa mwisho wa kulipa. Makato yake ya mwisho yalifika benki bila nambari sahihi ya akaunti, yakawekwa kando yakisubiri mtu wa kuyatambua. Hakuna aliyeyatambua. Akaunti ya mkopo ikabaki wazi ikihesabu riba na faini. Fedha zake na deni lake vilikuwa chini ya paa moja kwa miaka hiyo yote, havijuani.

Ndugu msomaji, chukua Biblia yako ufungue kitabu cha Tobiti. Wengi wetu tunakijua kwa ajili ya malaika Rafaeli na yule samaki, lakini safari yenyewe ilianza kwa sababu ya hesabu za fedha. Tobiti alikuwa ameweka talanta kumi za fedha kwa ndugu yake Gabaeli, huko Rage nchini Media. Ilikuwa imepita miaka ishirini. Kijana wake Tobia aliuliza swali ambalo hata leo lingeulizwa: huyo mtu hanijui nami simjui, ataniaminije? Baba akamweleza kwamba waliandikiana hati, wakaigawa vipande viwili, kila mmoja akabaki na chake. Rafaeli alipofika kwa Gabaeli na hati ile, mifuko ilitolewa nje ikiwa na mihuri yake, haijaguswa.

Miaka ishirini, na hesabu inalingana. Gabaeli hakuwa na kompyuta. Alichokuwa nacho ni uaminifu wa kutunza kumbukumbu ya mtu mwingine kama mali ya huyo mtu. Na Tobiti, kwa upande wake, alitunza kipande chake.

Lakini kitabu hicho hicho kina kisa kingine ambacho hatukihubiri sana. Tobiti alipopofuka, mkewe Anna alifanya kazi ya kufuma ili wapate chakula. Siku moja waajiri wake walimlipa ujira wake, wakamwongezea mwanambuzi. Tobiti alisikia mnyama akilia uani, akaamua kwamba ameibwa. Anna alijieleza, mumewe hakuamini, akamwamuru amrudishe. Mtu mwema kuliko wote katika kitabu kile, mzika maiti, mtoa sadaka, alimfanya mkewe mwizi kwa sababu hakuweza kuona na hakutaka kuuliza. Kila nikisoma sura hiyo ya pili namwona mwalimu akivua miwani.

Sasa tushuke kwenye mambo ya kawaida, kwa sababu najua wako wengi wenu wenye mstari kama ule. Mnamo Novemba 2022 Benki Kuu ya Kenya ilipotangaza mpango wa kuwapunguzia nusu ya deni waliokwama na mikopo ya simu ya benki, ilisema unawahusu watu zaidi ya milioni 4.2. Kati ya umati huo wako waliokopa wakashindwa, wako waliokopa wakatoroka, na wako ambao hawadaiwi chochote.

Seminarini tulifundishwa Kilatini na teolojia ya maadili. Kusoma ripoti ya mkopo hakuna aliyetufundisha, nami nimejifunzia kwenye bahasha ya mwalimu. Nchini mwetu kuna mashirika matatu yenye leseni ya kutunza rekodi hizi: TransUnion, Metropol na Creditinfo. Hayo hayakukopeshi wala hayakudai. Yanaandika yanayoambiwa na benki na wakopeshaji wengine. Kwa hiyo kosa mara nyingi huzaliwa kwa mkopeshaji, na usipolikata huko litachipuka tena. Una haki ya kupata ripoti yako bure mara moja kwa mwaka. Iombe kabla hujahitaji mkopo, na usitosheke na shirika moja, kwa kuwa kila moja lina kitabu chake.

Soma kila mstari. Angalia nambari ya kitambulisho, jina la mkopeshaji, tarehe ya mkopo, na kiasi. Utakuta mkopo uliokwisha ambao haukufungwa. Utakuta mkopo mmoja umeandikwa mara mbili. Utakuta deni la mtu mnayefanana jina. Tangu Aprili 2020 mtu hapaswi kuwekwa CRB kwa deni lisilofika shilingi 1,000, na mwezi huo huo Benki Kuu iliwaondolea wakopeshaji wa programu za simu wasiosimamiwa ruhusa waliyokuwa nayo ya kupeleka majina huko. Ukiona kitu cha namna hiyo kimebaki, uliza.

Na utaratibu wa kuuliza Bwana wetu alishatupa, katika Mathayo sura ya 18, ingawa hakuwa akizungumzia benki. Anza na aliyekukosea, ninyi wawili. Yaani nenda kwa mkopeshaji, peleka stakabadhi, andika barua na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Dai barua inayosema mkopo umekwisha. Asiposikia, ongeza mashahidi: wasilisha malalamiko rasmi kwa shirika la CRB lenyewe, ambalo kwa kanuni linapaswa kuchunguza na kurekebisha lililo la uongo. Likikataa, ndipo uende kwa wenye mamlaka, Benki Kuu au ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Katiba yetu, kifungu cha 35, inampa kila mtu haki ya kusahihishiwa au kufutiwa habari zisizo za kweli zinazomhusu. Usiingie ofisini kwa karani ukiwa umeinama kama mwombaji. Wala usiingie ukimtukana. Yule binti wa dirishani hakuwa ameajiriwa kosa lako lilipotendeka.

Jihadhari pia na wale wanaojitokeza mitandaoni wakidai watakusafishia jina kwa malipo kidogo. Hakuna mlango wa nyuma. Mama mmoja wa jumuiya yetu alitumia mmoja wao shilingi 3,000 na hakumsikia tena.

Hapa lazima niseme neno ambalo halitampendeza kila msomaji. Baadhi ya wanaokuja kwangu wakilalamikia CRB hawana kosa lolote kwenye ripoti. Walikopa, hawakulipa, na wamesahau kwa makusudi. Wengine walilipa baada ya kuchelewa miaka mitatu, na wanashangaa kwamba historia hiyo bado inaonekana. Kanuni zinaruhusu habari ya mkopo uliokwama kubaki miaka 5 tangu ulipolipwa. Hiyo inaumiza lakini si uongo, mradi ripoti iseme wazi kwamba deni limelipwa. Anayeitwa mdaiwa baada ya kulipa amedhulumiwa. Anayeitwa aliyechelewa, naye alichelewa kweli, hajadhulumiwa. Tusitumie machozi ya wa kwanza kumwombea wa pili. Kwa huyo wa pili nina ushauri mwingine: nenda ukazungumze na mkopeshaji, mpatane mpango wa kulipa, na upate mapatano hayo kwa maandishi.

Kisha niseme na wewe unayefanya kazi benki, sacco au kampuni ya mikopo, na uliyeketi kanisani asubuhi ya leo. Amri ya Nane inatukataza kumshuhudia jirani uongo. Tumezoea kufikiri uongo huo hutoka mdomoni tu. Lakini mstari usiosahihishwa katika mfumo wa benki unamshuhudia mtu uongo mchana na usiku, mbele ya kila anayeuliza, hata wewe ukiwa umelala. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2487, inafundisha kwamba aliyevunja haki na ukweli ana wajibu wa kurekebisha, hata kama ameshasamehewa. Barua ya malalamiko iliyo chini ya rundo mezani pako si kazi ya wiki ijayo. Pengine kuna kijana anachunga ng'ombe kwa sababu yake. Najua utasema mfumo haukuruhusu. Basi mwandikie anayeruhusiwa, na uweke jina lako.

Nasi wa kanisani tusijifanye watakatifu. Kuna parokia, na nimehudumu katika mojawapo, ambako majina ya wasiokamilisha ahadi za ujenzi hubandikwa ukutani. Nilipoamuru orodha yetu ihakikiwe baada ya kisa cha mwalimu, tulikuta majina tisa ya watu waliokuwa wameshatoa. Mmoja wao alikuwa mjane aliyetoa kuku wawili na gunia la mahindi, na karani hakujua aandike thamani gani, kwa hiyo hakuandika kitu. Tuliiondoa orodha ukutani na hatujairudisha.

Benki ilichukua miezi miwili na safari nne kukubali. Safari mbili za mwisho nilikwenda na mwalimu mwenyewe, nikiwa nimevaa kola yangu, jambo lililosaidia zaidi kuliko lilivyopaswa kusaidia. Meneja hakuomba radhi. Alitupatia barua ya mistari minne kwamba akaunti imefungwa na hakuna deni, na baada ya hapo ripoti ikarekebishwa.

Jumapili iliyofuata nilisimama baada ya komunyo na kuwaambia waumini kwamba mwalimu hakuwa na deni, kwamba alikuwa amelisema hilo tangu mwanzo, na kwamba mimi ndiye niliyekataa kumsikiliza. Watu walipiga makofi, nami sikujua makofi yalikuwa ya nani. Nilimpa tena nafasi ya mwekahazina. Aliikataa kwa upole, akasema macho yake yamechoka kwa hesabu. Bado anasali parokia jirani. Hunisalimu tunapokutana sokoni, na mkewe hunitumia maziwa wakati wa Krismasi.

Kijana aliingia chuoni Septemba, mwaka mmoja nyuma ya wenzake.