Siku ya kwanza ndiyo dawa ya kwanza



Mwezi wa Novemba 2018, Ebola ikituua, utafiti wa dawa zake ulianza kwetu, katika vituo vya Beni, Butembo, Katwa na Mangina. Profesa Muyembe wa INRB Kinshasa alikuwa kati ya viongozi wake. Wagonjwa 681 walishiriki. Hawakupokelewa wakubwa tu: mlango ulifunguliwa pia kwa wenye mimba, watoto, hata vichanga wa mama wagonjwa.

Dawa nne zilipimwa, mbili zikashinda. Kwa dawa hizo mbili, wagonjwa 65 hivi kwa kila 100 walipona. Waliofika vidudu vikiwa bado vichache damuni, karibu 9 kwa kila 10 walipona. Kila siku ya kukawia nyumbani iliongeza hatari ya kufa.

Tangu 2022, OMS inashauri dawa hizo hata kwa kichanga aliyezaliwa na mama mwenye Ebola.

Tunajua kwa nini wengi walificha watoto: kituo kilionekana kama mlango wa kaburi. Leo kukawia ndiko kunakoua. Homa ya mtoto pengine ni malaria tu; lakini aseme muganga, si jirani.