Alumini Haijakiondoa Chuma
Sentimita moja ya ujazo ya alumini ina gramu 2.7, ya chuma ina gramu 7.87. Hoja kwamba zama za chuma zimekwisha inaanzia kwenye tofauti hiyo, na kwa bahati mbaya inaishia hapohapo.

Wepesi si sifa pekee. Chuma hustahimili kupindwa takriban mara tatu ya alumini, hivyo boriti mbili zenye umbo na vipimo sawa zikibebeshwa mzigo uleule, ya alumini hupinda mara tatu zaidi. Chuma huyeyuka kwenye nyuzi 1,538 za Selsiasi, alumini kwenye 660 tu, jambo zito jengo linapoungua.

Pia ni kosa kudai kwamba alumini haiathiriwi na hewa. Huungana na oksijeni upesi, ila oksidi yake hung'ang'ania juu kama ngozi nyembamba na kuzuia hewa isipenye. Kutu ya chuma hubanduka, na ulaji huendelea. Lakini ngozi hiyo ya alumini huyeyushwa na alkali ya saruji mbichi. Isitoshe, ikipata joto, alumini hutanuka takriban mara mbili ya zege, ilhali chuma hutanuka karibu sawa nalo. Ndiyo maana nondo ni za chuma.

Alumini inafaa kwa sufuria, nyaya ndefu za umeme na miili ya ndege. Kwa nguzo, reli na nondo, chuma bado hakina mpinzani.